Programu-jalizi haionekani kwenye Total Commander

SWALI: Shikamoo, fundi. Nina duka la steshenari hapa Masasi. Natumia Total Commander, programu ya kusimamia mafaili. Nimepakua programu-jalizi (nyongeza) yake ya SFTP, ya kuhamisha mafaili kwa usalama hadi kompyuta nyingine, nikaikunjua zip na kuiweka kwenye folda ya programu, lakini haionekani popote. Nimekosea wapi?
Msomaji, Masasi, Mtwara

JIBU: Marahaba. Kosa ni kuikunjua zip. Ndani yake mna kifaili kiitwacho pluginst.inf; ukiiingia zip yenyewe kwa Enter ukiwa ndani ya Total Commander, programu hukisoma na kukuuliza kama isakinishe. Ukinakili mafaili kwa mkono, haijui kuwa yapo.

Ikigoma bado, tazama biti, yaani kama Total Commander yako ni ya biti 32 au 64. Hapa ndipo wengi hukwama. Total Commander ya biti 64 husoma faili linaloishia .wfx64, si .wfx tupu. Ya biti 32 ni kinyume chake. Ukiona ujumbe unaotaja libssh2.dll, basi maktaba hiyo (faili la msaada ambalo programu-jalizi hulitegemea) haipo, au ni ya biti tofauti. Kuipakua programu-jalizi upya hakutasaidia. Tafuta maktaba inayolingana.

Ikikubali, fungua Network Neighborhood ndani ya Total Commander, utaikuta humo. Usiitafute kwenye orodha ya diski.