Miche 2,000 kando ya Mto Mathare: kabla hamjanunua

Salaam wadau. Nimeusoma uzi huu tangu juu. Aliyeuanzisha anasema kikundi chao cha vijana kule Huruma, Nairobi, kimeahidiwa pesa za miche 2,000, wanataka kuipanda kando ya Mto Mathare mvua za vuli zikianza, na anauliza ni miti gani itakayorudisha ndege na viumbe wengine. Wengi mmemjibu kwa majina ya miti. Mimi nitaanzia kwingine. Niko kwenye chama cha jamii cha msitu upande wa Barabara ya Ngong, kitaluni ndiko ninakoshinda, na miche niliyoona ikifa ni mingi kuliko niliyoona ikikua.

Nunueni miche 500. Pesa zitakazobaki ziwe za palizi, maji na ulinzi kwa miaka miwili. Najua mfadhili atanuna, kwa sababu 500 haipendezi kwenye bango la picha. Mwambieni hivi: vuli ikikatika Desemba, Januari na Februari jua la Nairobi halina huruma, na mche wenye mizizi ya kiganja kimoja hauna pa kupata maji. Ukipona hapo, unangojewa na mbuzi, takataka zinazochomwa, na majani yanayokua haraka kuuliko. Anayepanda 2,000 na kwenda zake atabaki na vijiti.

Kuna kampuni moja, jina naliacha, iliyowahi kutuletea mabasi ya wafanyakazi wenye fulana mpya. Walipanda kwa saa mbili, wakapiga picha, wakanywa soda. Sehemu waliyoichagua wenyewe, kwa kuwa iko karibu na barabara, ilikuwa chini ya mikaratusi mikubwa na imezungukwa na vichaka vya lantana. Tuliwaeleza, hawakutaka kusikia. Kufikia kiangazi lantana ilikuwa imeimeza miche yote, na ripoti yao ya mwaka bado inaihesabu kama msitu. Serikali nayo ilitangaza mwishoni mwa 2022 lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Sina neno na lengo, ila ningefurahi zaidi kama tungekuwa tunahesabu miti iliyofikisha mwaka wa tatu.

Sasa tuje kwenye viumbe, maana ndilo swali. Kazi kubwa ya kurudisha uhai mahali inafanywa na panga na jembe kabla mche wowote haujafika. Misitu yetu hapa mjini imejaa vitu vilivyoletwa. Mikaratusi iliingizwa mwanzoni mwa karne iliyopita ili kulisha kuni injini za reli ya Uganda, na hadi leo imejaa mabondeni ikinywa maji. Mnakumbuka mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza ikatwe kandokando ya mito, kukawa na kelele nchi nzima. Lantana ililetwa kama ua la bustani. Mgrevilea ulitoka Australia, mjakaranda Amerika Kusini. (Mjakaranda sina ugomvi nao, barabarani unapendeza Oktoba. Usiniletee msituni tu.)

Lantana ikishika mahali, chini yake hakuoti mti mwingine. Ndege wanakula tunda lake na kulisambaza kila wanapotua, hivyo kuikata juu juu ni kuipogoa tu ichipue upya. Ikateni, kisha chimbeni kisiki chote na mzizi wake mkubwa, mrudi baada ya mvua kung'oa vichipukizi vikiwa vidogo. Fanyeni kabla haijazaa. Na msiifyeke yote kwa siku moja! Hapa ndipo wengi wenye nia njema wanapoharibu. Kule kwetu paa wadogo na ndege wa vichakani hujificha ndani ya hiyohiyo lantana kwa sababu kichaka chao cha asili kilishakwisha. Tunaondoa kipande, tunangoja kipande hicho kiote mimea ya kwetu, ndipo tunahamia kingine. Utashangaa kinachojitokeza chenyewe jua likifika chini: mukinduri, mukeu, mimea ambayo hakuna aliyeipanda. Mbegu zilikuwepo ardhini, au nyingine zililetwa na ndege wala matunda kama shore na kuzumburu. Hiyo ni miche ya bure, na inakua vizuri kuliko yangu ya kitaluni.

Mtu mmoja hapo juu kasema mti ni mti, mradi ni kijani. Hapana. Muulize mtu wa Baringo habari za mti wa mathenge. Uliletwa huko miaka ya themanini kuzuia jangwa, ukapokewa kwa shangwe, leo umekula malisho na kufunga njia. Maganda yake yana sukari, mbuzi wanayapenda, na meno yanaoza hadi yanang'oka. Wenyeji walipoishtaki serikali walimleta mahakamani hapa Nairobi mbuzi kibogoyo awe ushahidi. Mathenge nao ni kijani.

Jambo jingine ni kujua Nairobi ipi mnaizungumzia. Magharibi na kaskazini, udongo mwekundu, Karura hadi Ngong, ulikuwa msitu. Mashariki na kusini, Embakasi, Athi River, udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, zilikuwa mbuga za nyasi zenye migunga hapa na pale. Nyasi zile hazikukosa miti kwa bahati mbaya, ndivyo zilivyo, na kuna ndege na wanyama wasioweza kuishi kwingine. Kila nikiona watu wanapanda misonobari kwenye mbuga na kuita uhifadhi, roho inaniuma. Nyumbu na kongoni wafanye nini na misonobari?

Na kwa kuwa mtu aliuliza kama uhifadhi si kazi ya KWS, shirika la wanyamapori, ndani ya ua wao: Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini, ilianzishwa 1946 na ina kilomita za mraba 117 tu. Ina ua pande zote isipokuwa kusini, ng'ambo ya Mto Mbagathi. Nyumbu waliokuwa wakienda na kurudi uwanda wa Kitengela na Kapiti miaka ya sabini walikuwa makumi ya maelfu. Leo wamebaki wachache sana. Sababu haikuwa bunduki peke yake. Ardhi ilikatwakatwa ploti, zikaja nyua, machimbo ya mawe, viwanda. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kimaasai dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua na waache wanyama wapite. Kwangu huo ni uhifadhi wa kweli kuliko sherehe zote za kupanda miti, ingawa dola 4 haziwezi kushindana na dalali wa ploti, na kila mtu anajua. Kule kule ndiko kijana Richard Turere alibuni taa za kuwaka na kuzima kuzunguka boma, simba wakaogopa, baba yake akapumua. Simba aliyeuawa kwa mkuki baada ya kula ng'ombe hakuokolewa na mche wowote.

Turudi Huruma. Bonde lenu ni la mto, na mti wa mtoni una tabia zake. Mkuyu unafaa, mzambarau mwitu unafaa, na mugumo juu kidogo mbali na maji. Ukitaka ndege, mikuyu na migumo ndiyo ya kwanza. Kila aina ina nyigu wake mdogo anayeingia ndani ya tunda kulichavusha, na bila nyigu huyo hakuna mbegu. Miti hiyo haizai yote kwa msimu mmoja, kwa hiyo kuna tunda hata miezi ambayo msitu mzima umefunga mkono. Njiwa, hondohondo, kima, popo, wote wanakuja. Mnaujua ule mugumo wa Waiyaki Way uliotaka kukatwa mwaka 2020 kupisha barabara ya juu, watu wakapiga kelele hadi ukaachwa? Mti mmoja ule ulikuwa unalisha viumbe kuliko bustani nzima ya hoteli. Mugumo unashika hata kwa kipandikizi cha tawi, hamhitaji kununua. Ila uwe mbali na nyumba na mabomba ya majitaka, mizizi yake haina adabu.

Muhugu nimeona umependekezwa mara tatu humu. Naupenda, ndio mti wa msitu wetu hasa, na wachongaji waliumaliza. Lakini si mti wa kuanzia. Muhugu dume na muhugu jike ni miti tofauti, mbegu nyingi ni tupu, na ukiota unakua polepole mno. Mtaukatia tamaa. Muthiga una shida nyingine: mbegu yake ikikauka inakufa, lazima iingie ardhini ikiwa mbichi, kwa hiyo mtu akikuuzia za gunia mwulize zilichumwa lini. Muiri unakua vizuri, lakini jueni gome lake linauzwa nje kwa dawa za tezi dume, biashara hiyo inadhibitiwa kimataifa tangu 1995, na wezi wa gome wapo hata mjini. Anzeni na mukinduri na muringa, inakua haraka na kutoa kivuli, halafu hiyo mingine iingie chini yake mwaka wa pili au wa tatu. Mbegu zinapatikana KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu iliyoko Muguga, na unaambiwa zimetoka wapi. Miche ya kando ya barabara ni bei rahisi lakini muuzaji mara nyingi hajui mti mama ulikuwa wapi.

Pale ukingoni kabisa, maji yanapogonga, msipande miti. Wekeni matete na mafunjo. Yanashika udongo, yanachuja uchafu kidogo, na vyura na kereng'ende wanapata pa kuzalia. Kidogo nasema, kwa sababu Mto Mathare unabeba majitaka, na hakuna mmea utakaosafisha bomba lililopasuka. Vijana wenu watumie siku moja kutembea juu kidogo kando ya mto, waandike kila bomba linalomwaga humo na kupiga picha, kisha wapeleke malalamiko NEMA, mamlaka ya mazingira. Siku moja hiyo inaweza kusaidia samaki kuliko miche yote.

Na kuna jambo lisilosemwa. Baada ya mafuriko ya 2024 watu walibomolewa nyumba kandokando ya mto huo huo, kwa agizo la kuacha mita 30. Mkija na majembe na mfadhili, majirani wengi hawataona miti, wataona kigingi cha kuwahamisha. Miche mingine itang'olewa usiku na mtu ambaye si adui wa mazingira hata kidogo. Ongeeni kwanza na wazee wa kijiji na akina mama wanaofua na kulima sukuma pale chini. Waachieni sehemu ya mboga. Wapeni wao malipo ya kumwagilia badala ya kuleta kijana kutoka mtaa mwingine. Kitalu chetu kilitulia siku wanawake waliokuwa wakikata kuni walipoanza kulipwa kuotesha miche, na hapo nisifiche, tulichelewa kwa sababu wazee wa chama walitaka pesa ya mlinzi mwenye sare.

Wanaosema mjini hakuna kinachorudi, waende Karura. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa na wahuni pale langoni akipanda mti, wakati msitu ulikuwa unagawiwa mabwanyenye. Miaka hiyo hata mchana usingeingia peke yako. Leo kuna ua wa umeme, jamii inausimamia pamoja na KFS, shirika la misitu la serikali, na mbega, waliokuwa wametoweka humo, waliletwa kuanzia 2014 kutoka Kipipiri walikozingirwa na mashamba. Wamezaa. Tai mkubwa mwenye kishungi anawinda kima juu ya vichwa vya watu wanaokimbia mazoezi. Mikaratusi ya zamani inakatwa kwa zamu ili miti ya asili irudi, na kila ikikatwa mtandaoni watu hulia kwamba msitu unaibiwa. Wakati mwingine wana haki ya kushuku, historia yetu ya misitu ni hiyo, ila ulizeni kwanza ni mti gani umekatwa.

Msitegemee mbega Huruma. Tegemeeni ndege chozi kwenye maua, shore, kereng'ende, na pengine kanu, mnyama mdogo kama paka, akitokea usiku kufuata panya. Hao watakuja wenyewe kama kipande chenu kitaungana na kingine, hata kama ni mstari mwembamba wa vichaka kufuata mto kuelekea juu. Kwa hiyo kabla ya Oktoba nendeni mkaongee na vikundi vilivyo juu yenu na chini yenu kwenye mto, mjue nani anapanda nini.

Aliyeuliza kuhusu mianzi: ile mikubwa inayouzwa mjini ni ya kigeni. Inashika ukingo, ndiyo, lakini ikishakuwa kichaka haichimbiki kwa jembe, na takataka za mafuriko hunasa humo. Kama tayari mmeagiza, pandeni michache sehemu moja, na muandikishane kabisa nani ataikata kila mwaka na fito zitauzwa wapi.