Jinsi nilivyoinyamazisha PC yangu bila kuichemsha

Mkuu umeuliza kompyuta yako ya mezani inavuma hata ukiwa umefungua brauza tu, feni zinapanda zinashuka zinapanda tena, ukizipunguza unaogopa prosesa itaungua, sasa unataka kujua ununue feni gani zisizo na kelele. Nakujibu kwa urefu maana hiyo njia nimeipita yote, na mi nilianzia hapo hapo kwenye "ninunue feni gani". Nilinunua tatu kwa mpigo. Nikafunga, nikawasha, kelele ile ile, tofauti ni kwamba sasa ilikuwa kelele isiyo na vumbi.

Kosa langu sikuwa najua kelele inatoka wapi. Ukikaa mbele ya mashine sikio linakudanganya, kila kitu kinasikika kama kinatokea mbele. Siku moja nikafungua ubavu wa keisi nikaiacha inawaka, nikaanza kusimamisha feni moja moja kwa kidole, sekunde mbili tatu tu, na unagusa pale katikati kwenye kitovu penye stika, sio kwenye mapanga, manake kidole kitapona ila panga likimeguka kipande hiyo feni itatikisika mpaka siku unaitupa. Ya kwanza nikasimamisha, hakuna kilichobadilika. Ya pili, hakuna. Nilipoigusa ya nyuma ile inayotoa hewa, chumba kikatulia mpaka nikaisikia saa ya ukutani. Kumbe ni feni moja tu, ile ya zamani iliyokuja na keisi, beringi imechoka, na ndio hiyo hiyo pekee ambayo sikuibadilisha nilipokuwa nanunua mpya!

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote fanya hilo jaribio. Kama unaogopa kuweka kidole zima mashine, chomoa waya wa feni moja, washa, sikiliza, zima, rudisha, nenda nyingine. Ya prosesa usiichomoe. Na kama unachosikia ni mlio mwembamba kama wa mbu, unaobadilika ukiskroli ukurasa au gemu ikifika kwenye menyu, hiyo sio feni kabisa, ni koili (vile vifundo vya waya) za kadi ya grafiki au za pawa saplai zinatetema, hata ujaze feni za bei gani haitaondoka. Dawa yake ya karibu ni kuweka kikomo cha fremu kwenye gemu, yani picha ngapi zichorwe kwa sekunde.

Sasa hilo la kupanda na kushuka ulilolisema, hapo ndipo wengi wanapoteza hela bure kwa sababu feni haina kosa lolote. Angalia kinachotokea. Ukifungua tabo mpya prosesa inakurupuka, inatoka nyuzi 42 inafika 65 ndani ya sekunde moja, afu sekunde mbili baadaye imesharudi. Ile chipu ni ndogo sana, joto linaruka pale pale ilipo kabla hata halijafika kwenye hitisinki, kile chuma cha mapezi kinachonyonya joto la prosesa. Ukiweka mkono kwenye hitisinki muda huo utakuta ni ya baridi tu. Mazabodi (ule ubao mkuu) yenyewe inaona 65 inashtuka inaiongeza feni kasi, feni inapiga kelele inapuliza chuma cha baridi, hakuna inachosaidia, na ikija kutulia prosesa imeshapoa yenyewe zamani. Baada ya dakika unafungua tabo nyingine, mchezo unaanza upya. Na sikio la binadamu linazoea mvumo wa namna moja, kinachokera ni kubadilika badilika.

Ingia BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, sehemu ya feni. Kwenye ASUS inaitwa Q-Fan, Gigabyte wanaiita Smart Fan, wengine wana majina yao ila ni kitu kile kile, mstari wenye vidoti unaonyesha kwenye joto hili feni iende kasi hii. Tafuta kwanza sehemu ya kuchelewesha, yani feni isubiri sekunde kadhaa kabla ya kupanda na isubiri zaidi kabla ya kushuka. Mi niliweka sekunde 5 kupanda, na kushuka nikaiweka ndefu zaidi ya hapo. Afu ule mstari nikaulaza. Kuanzia chini mpaka nyuzi 60 feni inakaa kasi moja tu ya polepole haibadiliki, kutoka 60 mpaka 75 inapanda taratibu, na ikigonga 85 ndio inaruhusiwa kupiga kelele inavyotaka. Usiku ule ule tatizo langu kubwa liliisha na sijagusa bisibisi. Kama BIOS yako haina mambo hayo, Windows kuna programu ya bure inaitwa Fan Control inafanya yote hayo na zaidi, na walioko Linux wana lm-sensors na fancontrol.

Hofu ya kuungua naielewa, ila punguza presha. Prosesa nyingi za Intel kikomo chake ni nyuzi 100, za AMD Ryzen za familia ya 7000 nyingi ni 95, na zikikaribia hapo zinajipunguza kasi zenyewe, zikizidi kabisa mashine inajizima. Kwa hiyo kukaa 70 hadi 80 ukiwa kwenye kazi nzito sio dhambi. Watu wanahangaika prosesa isome 50 kwenye gemu kama wanashindana, halafu wanalalamika kelele.

Kabla hujapanga mstari lakini kagua kitu kimoja, waya wa feni una pini 3 au 4. Feni ya pini 3 inapunguzwa kwa kushusha volti, ya pini 4 inapata volti 12 muda wote afu inaamriwa kasi kwa ule waya wa nne, inaitwa PWM. Ukiwa na feni ya pini 3 kwenye soketi iliyowekwa PWM, itazunguka kwa nguvu zote saa zote hata ukilaza mstari vipi, na utalaumu feni. Badilisha hiyo soketi iwe DC, ile ya kushusha volti, kwenye BIOS, basi. Na usiishushe sana, feni kuna kasi inaweza kuendelea kuzunguka nayo lakini haiwezi kuanzia nayo, yangu moja kwa asilimia 20 inazunguka vizuri tu ila ukiwasha mashine asubuhi inatikisa mapanga kama anayesinzia, haiondoki. Nikaiweka 30.

Tukija kwenye feni zenyewe. Ukiishusha feni kasi kwa nusu hewa inapungua karibu nusu, ila kelele inashuka kama desibeli 15, na desibeli 10 tu sikio linasikia kama nusu ya sauti. Joto nalo halipandi mara mbili. Kwangu feni za keisi zilikuwa zinakwenda mizunguko 1,300 kwa dakika, nikazishusha mpaka 750, joto la prosesa kwenye kazi nzito likaongezeka nyuzi 4. Nne! Na upande wa pili, feni mbili zinazofanana zikizunguka pamoja zinaongeza desibeli 3 tu juu ya ile moja. Ndio maana feni tatu zinazotembea polepole ni bora kuliko moja inayokimbia, na ya milimita 140 ni bora kuliko ya 80, ile ndogo inabidi izunguke kama kichaa kusukuma hewa ile ile.

Nikapata tamaa. Nikasema kama 750 ni hivi, 400 itakuwaje. Kimya kabisa, nikafurahi, nikawasha gemu. Kama dakika 20 hivi kukawa shwari, afu kadi ya grafiki ikaanza kunguruma, feni zake zimevuka 2,000, kelele kuliko ile ya mwanzo. Nilivyopeleka mkono ndani ya keisi hewa ilikuwa ya moto kama nimefungua mlango wa tanuri. Kadi ilikuwa inavuta joto lake yenyewe, inalitoa, inalivuta tena. Kumbe feni za keisi ndio zinazoinyamazisha kadi, ukizibana sana unahamisha kelele kutoka feni kubwa za polepole kwenda kwenye feni ndogo za kadi. Nikazirudisha, na kitu kingine nilichofanya nikaacha kuziamrisha kwa joto la prosesa, sasa zinafuata joto la kadi, Fan Control inaweza hiyo kazi. Joto la kadi halikurupuki kama la prosesa, linapanda polepole, kwa hiyo feni nazo zinapanda polepole na husikii zinapanda saa ngapi.

Hapo hapo nikagundua keisi yangu inakabwa pumzi. Ina kioo mbele, kizuri sana kwa picha, hewa inapita kwenye upenyo wa pembeni usiotosha kuingiza kidole. Jaribio lake ni jepesi, cheza gemu nusu saa andika joto, ng'oa paneli ya mbele na chujio la vumbi, cheza tena nusu saa. Yangu ilishuka nyuzi 7 kwenye kadi. Keisi nyingine sinunui kwa sababu ya kioo, nikakata vipande vinne vya raba nene nikavibandika kwenye kona, paneli ikasogea mbele kama sentimita moja. Ukiangalia kwa karibu inaonekana imefungwa vibaya. Sijali. Ila lile chujio lilikuwa na blanketi la vumbi, yani nimekaa napanga mistari kwenye BIOS wiki nzima na chujio sijawahi kulivuta. Safisha kwa brashi laini, na ukitumia blowa shikilia mapanga yasizunguke, hewa ya blowa inaweza kuizungusha feni kupita uwezo wake ikaumia beringi.

Kuna sauti moja ilinisumbua sana nikakaribia kuita majini. Usiku nasikia wuuu... wuuu... wuuu, kama kitu kinapumua ndani ya keisi. Ukisimamisha feni moja ya mbele inaisha. Unaiachia, unasimamisha ya pili badala yake, inaisha vilevile. Zote mbili hazina ubovu! Tatizo ni kwamba zilikuwa zinakaribiana kasi bila kulingana, moja 900 nyingine 920, kila moja ina mapanga 7, sauti zao zinapishana na kukutana kama mara mbili kila sekunde, hiyo ndio pumzi niliyokuwa naisikia. Nikaiweka moja 800 nyingine 1,000, jini likahama. Ukikuta pia kuna kasi fulani ubati wa keisi unaanza kutetema, mfano 1,100, panga mstari uiruke hiyo kasi haraka, feni isikae hapo.

Halafu njia ambayo naona ni bora kuliko zote na watu wanaiogopa ni kupunguza joto lenyewe lisizaliwe. Kadi na prosesa zinatoka kiwandani zimesukumwa mwisho, na zile asilimia chache za mwisho za kasi zinakula umeme mwingi kwa sababu volti inapandishwa, na umeme unakua kwa kipeo cha pili cha volti. Nilishusha kikomo cha umeme cha kadi kutoka wati 200 mpaka 160, kwenye gemu nikapoteza fremu chache ambazo bila namba pale kwenye kona nisingejua zimekwenda. Wati 40 nzima hazipo tena ndani ya keisi, feni haina cha kufukuza. Ukiwa na Ryzen kuna kitu wanakiita Eco Mode, hali ya kubana umeme, ile ya soketi AM4 (aina ya kikalio cha prosesa kwenye mazabodi) iliyoandikwa wati 105 kiukweli inaruhusiwa kula mpaka 142, ukiweka Eco ya 65 inaishia 88. Kama kazi yako sio kurenda video kutwa nzima washa tu.

Sponji za kuzuia sauti zile za kubandika ndani ya keisi mi zilinipa hasara, zimeziba njia ya hewa, feni zikapanda, tukarudi tulikotoka. Tone la mafuta kwenye beringi iliyochoka linakupa wiki mbili za furaha. Pesti ya joto, ile krimu kati ya prosesa na hitisinki, ukibadilisha inasaidia kama ya zamani imekauka, lakini kama prosesa haina shida ya joto usifungue hitisinki kwa kusikia tu. Na ukipima usipime dakika tano, hewa ya ndani ya keisi inachukua muda kujaa joto, nipe nusu saa, na uandike joto la chumba pembeni maana chumba kikipanda nyuzi 5 mashine nayo inapanda karibu hizo hizo afu unadhani umeharibu kitu.

Fanya lile la kidole kwanza urudi utuambie ni feni ipi. Ikiwa ni ya ndani ya pawa saplai, hapo usisimamishe kwa kidole wala usiifungue, mle kuna kapasita zinatunza umeme mkali hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Hiyo utaijua kwa kusogeza sikio nyuma ya keisi pale inapotoka hewa yake.