Maswali ya Wasomaji: Historia ya Nyumbani Ianzie Wapi?

SWALI: Mhariri, ninawafundisha wanangu historia nyumbani. Mkubwa, mwenye miaka 12, hukariri tarehe na majina ya wafalme, lakini wiki ikipita hakumbuki kitu. Mdogo, mwenye miaka 8, anadhani mambo yote ya zamani yalitokea wakati mmoja. Nianzie wapi, na tarehe nizitilie mkazo kiasi gani?
Mama wa Wawili

JIBU: Anza na tatizo la mdogo, kwa sababu hata kaka yake hawezi kushika tarehe asizojua zinakaa wapi. Bandikeni ukutani ukanda mrefu wa karatasi ambao kila sentimita yake ni miaka 10, kisha mtie alama ya piramidi kuu ya Farao Khufu, iliyojengwa karibu mwaka 2560 KK, ya kifo cha Malkia Cleopatra mwaka 30 KK, na ya mwaka huu. Wakipima wenyewe kwa rula wataona kwamba kutoka piramidi hadi Cleopatra ni kama sentimita 253, ilhali kutoka kwake hadi sisi ni kama 205 tu, ingawa wachoraji hupenda kumweka kando ya piramidi kana kwamba aliishi na waliozijenga. Msiweke mwaka 0, maana haukuwapo: 1 KK ulifuatwa na 1 BK.

Mkubwa naye amefikia umri wa kuuliza, "Tumejuaje?" Mpe mlipuko wa volkano ya Vesuvius, ulioufukia mji wa Pompeii mwaka 79. Kwa muda mrefu vitabu vilitaja tarehe 24 Agosti, kwa kutegemea nakala za barua ya Pliny Mdogo, aliyeshuhudia mlipuko huo akiwa na miaka 17 na kuuandika miaka mingi baadaye. Barua hiyo ilinakiliwa kwa mkono karne baada ya karne, na mnakili huweza kukosea. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba katika nyumba moja ya Pompeii yamepatikana maandishi ya mkaa ukutani yenye tarehe inayolingana na 17 Oktoba. Mwaka haukutajwa, lakini mkaa hufutika upesi, hivyo wataalamu wengi wanaona yaliandikwa siku chache tu kabla ya maafa. Mwache achague upande na autetee. Tarehe aliyoibishania hataisahau kwa urahisi.

Za kukariri ziwe chache, zile zinazosaidia kupanga matukio mengine kabla na baada yake. Orodha ya wafalme iacheni kabisa, labda kama kuna chemsha bongo ya kushinda.

Miaka 100 ya karibuni itabanana katika sentimita 10, kwa hiyo mtahitaji ukanda wa pili ambao kila mwaka una sentimita yake. Humo ndimo mtakamoandika kuzaliwa kwa babu na bibi, wao wenyewe wakiulizwa.