Ukitumwa kuandika maisha ya mke wa mheshimiwa

Mahojiano yangu ya kwanza ya aina hii niliyafanya Nyegezi, hapa Mwanza, kwa mama mmoja ambaye marehemu mumewe aliwahi kuwa mbunge. Nilikwenda na maswali kumi na nane. Baadaye nikahesabu, kumi na sita yalimhusu mume. Mama akanijibu kama anayesoma risala. Saa nzima sikuambulia kitu.

Nikazima simu niliyokuwa nikirekodia, nikaaga. Yeye akainuka kwenda kugeuza dagaa wake waliokuwa juani, nami nikainama kumsaidia, maana kusimama tu ningeonekana sina adabu. Hapo ndipo alipofunguka. Kumbe mshahara wa mzee uliishia kwa wapiga kura, na ada za watoto zililipwa na dagaa hao hao. Wakati wa kampeni hakujua jioni atapikia watu ishirini au mia, kwa hiyo alikopa mchele kwanza, hesabu baadaye.

Basi nyie mnaoanza, ulizeni mikono yake ilifanya nini. Na anzeni kabla ya harusi. Mama Maria Nyerere alizaliwa mwaka 1930, akaolewa 1953, lakini wengi wanaomwandika wanaanzia hapo kwenye ndoa, kana kwamba ile miaka ishirini na kitu ilikuwa ya kusubiri tu. Na miaka hiyo ni ya huku kwetu: alisoma kwa masista Ukerewe, ualimu akausomea Sumve. Nansio, mji wa Ukerewe, ni kupanda meli tu. Sumve ipo Kwimba. Mwalimu alipoacha kufundisha mwaka 1955 ili aitumikie TANU, mshahara ukakatika, na Mama Maria akaendesha duka dogo Dar es Salaam, akiuza mpaka mafuta ya taa. Mimi ningelipa duka lile sura nzima. Kwa kawaida linapata sentensi moja.

Sasa kosa langu. Yale aliyoyasema mama wa Nyegezi simu ikiwa imezimwa, niliyaandika bila kumrudia, pamoja na sentensi moja kuhusu nyumba ndogo ya mzee. Alinipigia alfajiri. Hakufoka. "Mwanangu, watoto wameisoma." Ilikuwa kweli tupu, na sikuwa na la kumjibu. Siku hizi narudi na rasimu, namsomea kwa sauti, na akisema futa, nafuta. Mhariri atanuna, mwacheni anune.

Kuhusu tarehe, msimbane. Akisema "mwaka wa MV Bukoba", meli ile iliyozama, ni 1996. "Wakati wa vita" kwa rika lake mara nyingi ni Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Muulize wakati huo alikuwa amembeba mtoto yupi mgongoni, halafu hesabu utaipiga mwenyewe ukifika nyumbani.