Tangi la Samaki Ukiwa Safarini: Kipimajoto Kinachopiga Simu

Kabla hujanunua kihisi cha joto, bodi (kompyuta ndogo ya kukisoma) wala laini ya simu ya kukuarifu hali ya tangi lako la samaki, jibu swali moja: hita ya kupasha maji ikigoma kuzima saa nane za usiku, nani yuko nyumbani wa kuichomoa? Kama hakuna mtu, arifa itakuletea taarifa ya msiba tu. Pesa hiyo ipeleke kwenye kidhibiti joto kinachokata umeme chenyewe, lala usingizi. Kama mtu yupo, twende pamoja.

Mimi ni dereva wa watalii, makazi yangu Arusha. Nikiingia Serengeti, mtandao naupata Seronera na sehemu chache nyingine. Kwingine kote simu inabaki kuwa tochi na kamera. Sebuleni kwangu kuna tangi la lita 240 lenye samaki wa Ziwa Tanganyika aina ya Tropheus duboisi, wale ambao wakiwa wadogo wana vidoa vyeupe mwili mzima, wakikua wanageuka weusi wenye mkanda mmoja. Kwao ziwani maji ya juu hucheza kati ya nyuzi 24 na 28 hivi mwaka mzima, tena hubadilika taratibu. Sebule ya Arusha mwezi wa saba haiwajui wageni hao. Alfajiri kunakuwa na kibaridi cha kuvalia sweta, na hita ndiyo inayowashikilia.

Sasa, hita huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kufa kabisa. Hiyo haina haraka, maana maji mengi hupoa polepole na una saa kadhaa za kujipanga. Ya pili ndiyo inayoua: viunganishi vya swichi ya ndani vinagandana, hita haizimi tena. Kupandisha lita 100 za maji kwa nyuzi moja kunahitaji kama wati 116 kwa saa nzima. Kwa hiyo hita ya wati 300 ndani ya lita 240 inaweza kupandisha karibu nyuzi moja kila saa, ukiacha joto linalopotea kupitia kioo. Ukilala saa nne maji yakiwa nyuzi 26, hesabu mwenyewe utaamkia wapi. Ndiyo maana mimi natumia hita mbili za wati 150. Moja ikiganda haina nguvu ya kuwapika samaki upesi, moja ikifa nyingine inasaidia.

Na joto halitembei peke yake. Maji ya nyuzi 20 yakijaa oksijeni hubeba kama miligramu 9.1 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Hizo ni hesabu za usawa wa bahari. Huku kwetu, mita 1,400 juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo punguza kama asilimia 15 nyingine. Samaki aliyekimbilia juu kuvuta hewa mara nyingi hajaungua na joto, amekosa pumzi.

Kwenye vifaa nitapita haraka kidogo, maana mafundi wameshaeleza sana. Kihisi kinachotumika ni DS18B20, kile kilichofungiwa ndani ya kibomba cha chuma kisichoingiza maji. Unakiunganisha na bodi ya ESP8266 au ESP32 yenye waifai, unaweka rezista (kipande kidogo cha kuzuia mkondo wa umeme) ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na waya wa volti 3.3, basi. Ruta yako iwe inarusha mawimbi ya gigahezi 2.4, maana bodi hizi nyingi hazishiki yale ya 5. Asiyependa kushika solda ya kuunganishia nyaya anunue kipimajoto cha waifai kinachofanya kazi na programu ya simu kama Smart Life. Kitamtosha, ila ataishi kwa masharti ya programu hiyo.

DS18B20 bandia zimejaa madukani, kwa hiyo ipime kabla hujaiamini. Ponda barafu, jaza kikombe, ongeza maji kidogo yazibe mianya, koroga, tumbukiza kihisi, subiri dakika chache. Kisome sifuri, au kisitofautiane na sifuri kwa zaidi ya nusu nyuzi. Usijaribu kukipima kwa maji yanayochemka ukitegemea 100. Kwa mwinuko wa Arusha maji huchemka kwenye 95 hivi, utakitupa kihisi kizima bure.

Kihisi hiki kina vituko viwili vitakavyokuamsha usiku kama hukuvijua. Umeme ukiyumba kinaweza kutoa namba 85, ambayo ndiyo namba yake ya kuamkia kabla hakijapima chochote. Waya ukilegea, programu nyingi za Arduino, mfumo wa kuandikia programu za bodi hizi, husoma -127. Mwambie aliyekuandikia programu azichuje namba hizo, lakini asizifiche. Zikija mfululizo kwa dakika tano, itumwe meseji tofauti inayosema kihisi kina hitilafu. Vilevile, tahadhari ya kawaida isitumwe kwa kipimo kimoja. Kwangu joto likishuka chini ya 23.5 au kupita 28.5 kwa dakika 10 mfululizo, ndipo kengele inalia. Nimeweka na ya tatu, ya mwendo: joto likibadilika zaidi ya nyuzi moja ndani ya saa tatu, hata kama bado liko ndani ya mipaka, niambiwe. Hii ya mwendo ndiyo iliyowahi kukamata hita iliyoganda nyumbani, kabla sijaweka kidhibiti joto. Maji yalikuwa bado 27 na kidogo, mtu angepita akayaona mazima.

Siku hiyo mimi nilikuwa Ndutu, mbugani, sina habari. Meseji ilimfikia mke wangu kwa sababu haikuandikwa kifundi. Ilisema: "Tangi 27.3, linapanda haraka. Chomoa waya wenye utepe mwekundu. Usiguse pampu ya hewa." Nyaya zenyewe zina utepe: nyekundu ni hita, bluu ni chujio, kijani ni pampu ya hewa. Alichomoa akarudi kulala. Ukituma namba tupu kwa mtu asiyefuga samaki, atakujibu "sawa" na kidole gumba, kisha ataendelea na mambo yake.

Telegram ni rahisi kuliko WhatsApp kwa kazi hii, kwa kuwa unaunda boti (akaunti inayojiendesha) bure kupitia BotFather, akaunti ya Telegram ya kuundia boti, na bodi inatuma meseji moja kwa moja kwenye kundi. Kundi letu lina watu wanne: mimi, mke wangu, binti yetu, na jirani mwenye ufunguo wa akiba. Sharti lake ni kila mmoja aifungulie Telegram njia kwenye simu yake, hata ikiwa kwenye hali ya kutosumbuliwa.

Usiku lakini, meseji peke yake mara nyingi haiamshi mtu. Kinachoamsha ni kubipu. Kuna kifaa kidogo, SIM800L, kinachopokea laini ya simu na kutumia mtandao wa 2G. Bodi inakiamuru kipige namba ya nyumbani, kinaita, kinakata, na salio halijaguswa kama hakuna aliyepokea. Kwa Watanzania hiyo ni lugha tunayoielewa wote. Kikijaribu kushika mtandao kinavuta hadi ampea 2 kwa ghafla, kwa hiyo kipe chanzo chake cha umeme cha volti 4 hivi. Ukikining'iniza kwenye pini za bodi kitazima na kuwaka mpaka uchoke. Laini nayo itumie mara kwa mara, maana laini iliyolala muda mrefu hufungwa na kampuni.

Tatizo kubwa liko hapa, na ndipo wengi wanapopaacha: umeme ukikatika, ruta inazima, bodi inazima, na hakuna meseji inayotoka. Simu yako imetulia kimya, wewe unajua mambo ni shwari. Dawa yake ni kuweka mlinzi nje ya nyumba. Bodi yangu inatuma salamu kila dakika 5 kwa huduma ya Healthchecks.io, yenye kiwango cha bure. Salamu zikikosekana kwa dakika 20, huduma hiyo yenyewe ndiyo inayoandika kwenye kundi kwamba tangi halisikiki. Haijui kama umeme umekatika, bando limeisha au bodi imekufa. Haina haja ya kujua. Mtu aende akaangalie.

Ruta nimeiwekea ki-UPS (betri ya akiba) kidogo cha volti 12, vile vya kukaa nyuma ya meza. Bodi iko kwenye pawabenki, lakini chagua kwa makini: nyingi hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo, na nyingine haziwezi kuchajiwa huku zinatoa. Kisha pampu ya hewa ya betri. Hii naiweka mbele ya hita kwa umuhimu, maana umeme ukikatika blanketi juu ya tangi linatunza joto kwa saa nyingi, ila mapovu hayana mbadala wa blanketi.

Mtu ataniuliza, kwa nini bodi isizime hita yenyewe kupitia soketi ya waifai? Izime, lakini usiitegemee iwe breki pekee. Kazi ya kukata umeme iachie kidhibiti kilichopo pale pale ukutani, kisichohitaji intaneti. Mimi nimekiweka 26, na hita zenyewe nimezizungusha kwenye 27, ili kimoja kikiganda kingine kikate. Na kihisi cha kidhibiti kifunge imara kwa vikombe vya kunyonya kioo, mbali na hita, karibu na maji yanayotoka kwenye chujio. Kikichomoka na kuning'inia hewani kitasoma baridi ya sebule na kuziachia hita umeme bila kukata, huku kikiamini kinatenda wema.

Siku moja kabla ya safari nachomoa kihisi cha tahadhari, nakitumbukiza kwenye glasi ya maji baridi, sisemi neno. Naangalia nani anakuja sebuleni kwanza. Tukiwa na wageni hakuna anayekuja, kwa hiyo hapo najua jirani ndiye wa kutegemewa wiki hiyo.

Wenzangu wa Dar, Tanga na Mombasa, nyinyi hita mnaweza kusahau. Kilio chenu ni Januari hadi Machi. Mpaka wa chini uondoeni, wa juu muuweke 30, na badala ya hita bodi iwashe feni ndogo ya kompyuta inayopuliza juu ya maji. Mvuke ukiondoka unabeba joto, na mnaweza kupata nafuu ya nyuzi mbili au tatu, ingawa siku za unyevu mwingi hewani inapungua. Ila feni hunywa maji. Kina cha maji kikishuka chini ya mdomo wa chujio, pampu inavuta hewa na kuungua. Ongezeni swichi ya boya, inayoelea na kushuka na maji, kwenye bodi ile ile, pini moja tu inatosha, na meseji yake iwe: "Jaza maji hadi kwenye alama." Alama yenyewe ichoreni kwa peni ya wino wa kudumu upande wa nje wa kioo.