Vitongoji, viunga au uzunguni?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha historia kidato cha sita hapa Iringa. Katika maandalio yangu kuhusu Marekani ya miaka ya 1950s niliandika: "Katika muongo wa neema baada ya vita, Wamarekani walihama mijini wakahamia vitongojini." Mwalimu mwenzangu aliyesomea Nakuru alicheka, akasema nimewatia Wamarekani umaskini. Wanafunzi nao wakaniuliza kama walirudi kulima. Mimi nimelitoa neno kwenye kamusi. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mwenzako ana haki ya kucheka, wanafunzi wana haki ya kuuliza, na wewe una haki ya kuitegemea kamusi. Tatizo ni kwamba neno moja limekwenda kuishi maisha tofauti kila lilikofika.

Kitongoji kwa asili ni kijiji kidogo, nyumba chache zilizojitenga na kijiji kikubwa. Pemba kuna mahali panaitwa Vitongoji hadi leo. Tanzania Bara serikali ikalichukua neno hilo ikalipa cheo: kijiji hugawanywa vitongoji, na kila kitongoji kina mwenyekiti wake anayepigiwa kura kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. Kwa hiyo mtoto wa Iringa akisoma kwamba Mmarekani kahamia kitongojini, anaona jembe, mahindi na mwenyekiti mwenye mhuri. Swali lake la kulima halikuwa utani.

Kenya neno limeoana na "duni". Vitongoji duni ni Kibera, Mathare, Mukuru. Limesikika hivyo kwenye taarifa za habari miaka na miaka, kiasi kwamba ukisema "vitongoji" ukanyamaza, msikilizaji wa Nakuru atakumalizia "duni" mwenyewe.

Sasa tazama hao Wamarekani walikwenda wapi. Mwaka 1947 kampuni ya familia ya Levitt ilianza kujenga Levittown kwenye mashamba ya viazi ya Long Island, nje ya jiji la New York. Kufikia 1951 kulikuwa na nyumba zaidi ya 17,000 zinazofanana kama mapacha, kila moja na kiwanja chake cha nyasi. Askari aliyerudi vitani alikuwa na dhamana ya serikali ya mkopo wa nyumba kwa sheria ya 1944, na wengi waliingia bila kutanguliza arubuni. Kisha mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya kujenga barabara kuu za kuunganisha majimbo, na mwenye gari akaweza kulala mbali kabisa na anakofanyia kazi. Televisheni, ambayo mwaka 1950 ilikuwamo kwenye takriban nyumba moja kati ya kumi, mwaka 1960 ilikuwamo karibu kwenye tisa kati ya kumi. (Waambie wanafunzi wawaulize wazazi wao habari za 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara na mtaa mzima ukawa unahamia sebuleni kwa jirani mmoja. Wataelewa haraka kuliko kwa takwimu zangu.)

Safari hiyo ilikuwa ya kupanda. Kwetu mtu aliyepanda hivyo husemwa kahamia uzunguni, au kwa lugha ya vijana wa Dar, ushuani. Nakiri nilishawishika kukuambia uandike "uzunguni", kwa sababu lina ukweli ambao sentensi yako imeuficha. Mbeya na Dodoma, mkoloni aliligawa eneo la mji kwa rangi, na majina Uzunguni na Uhindini yakabaki vinywani. Levittown nayo ilikuwa na mgawo wake: mikataba ya mwanzo ilikataza nyumba kukaliwa na mtu asiye Mzungu, isipokuwa awe mtumishi wa ndani. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya namna hiyo, lakini nyumba ziliendelea kuuzwa kwa rangi ileile.

Hata hivyo uzunguni litakupotosha upande mwingine. Kwetu ni kwa bwana mkubwa: ukuta, geti, mlinzi. Mkazi wa Levittown alikuwa fundi, karani au muuza duka mwenye mkopo wa miaka mingi. Akiitwa wa uzunguni, wanafunzi watadhani kila Mmarekani wa wakati ule alikuwa bosi.

Neno ninalolipenda mimi ni viunga. Kiunga, kwa watu wa pwani, ni shamba la miti ya matunda pembeni mwa mji, minazi na miembe, mahali ambapo mwenye nafasi alikwenda kupumzika kelele za mjini. Halina harufu ya ufukara wala ya utawala wa kijiji, na lina kijani ndani yake, jambo linalowafaa watu waliokuwa wakikata nyasi kila Jumamosi. Wakenya tayari wanalo: "viungani mwa jiji la Nairobi" ni msemo wa kila siku redioni. Chunga tu wasiandike "viungoni", tusije tukawa na Wamarekani waliohamia kwenye pilau.

Na kama unafikiri majina ya mitaa husema kweli daima, nenda Moshi uulizie Shanty Town. Jina ni la vibanda. Wanaokaa huko ni wenye nazo.

Ukishabadilisha vitongoji, mtazame mtenda wako. "Wamarekani walihama mijini" ni nusu ya habari. Katika miaka hiyohiyo Wamarekani weusi kwa maelfu walikuwa wakiingia mijini, kina Chicago na Detroit, wakitoka majimbo ya kusini. Wengine wakitoka, wengine wakiingia, wewe umewafunga wote kwenye kiambishi kimoja cha wa-. Kiswahili kinaruhusu uvivu huo kwa urahisi mno, ndiyo maana namsumbua kila anayeandika historia: huyo "wa-" ni nani?

Neema pia inanisumbua, hasa Iringa mjini ambako kengele za kanisa hazilali. Neema hutolewa bure na Mungu. Mvua ni neema. Friji, gari na nyumba vya Wamarekani hao vililipiwa kila mwezi, na sijasikia neema ya kulipwa kwa awamu. Ustawi ni neno safi zaidi, ila Tanzania ukisema ustawi peke yake watu wanaona ofisi ya Ustawi wa Jamii na baba anayedaiwa matunzo ya mtoto. Andika "ustawi wa uchumi", au sema kwa urahisi kwamba uchumi ulipanda.

"Baada ya vita" nako itaje vita yenyewe. Kwa wazazi wa wanafunzi wako, vita bila jina ni ya Kagera ya 1978 na 1979, na kilichofuata ni foleni za sukari na kufunga mkanda kwa miezi 18 ambayo haikuisha. Hakuna atakayeunganisha vita na mafriji. Isitoshe Marekani ilikuwa tena vitani Korea kuanzia 1950 hadi 1953, katikati ya kipindi hichohicho.

Muongo uko sawa. Wapo wanaoandika "mwongo" na mimi siwakamati, maana upatanisho unatenganisha: mwongo uliopita ni miaka, mwongo aliyepita ni mtu wa kuogopwa. Zamani watu wa pwani waliuhesabu mwongo kwa siku kumi, si miaka, katika kalenda ya Nairuzi ya mabaharia na wakulima, na ndugu zake wapo mpaka leo kwenye Kikuyu na Kinyarwanda, ambako mirongo ndiyo makumi.

Mimi ningeandika hivi: "Katika miaka ya 1950, uchumi ukiwa umepanda baada ya Vita Kuu ya Pili, familia nyingi za Wamarekani weupe zilihama katikati ya miji zikaenda kukaa kwenye viunga vipya, ambako Wamarekani weusi walifungiwa mlango." Imekuwa ndefu, najua. Mwenzako wa Nakuru akicheka tena, niandikie.

Na ile "s" uliyoining'iniza kwenye 1950 iondoe. "Miaka ya" imekwisha kuifanya kazi hiyo.