Mtoto hali chakula, anataka juisi ya boksi tu

SWALI: Shikamoo mama. Nina mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Mchana nikiwa kazini anabaki kwa bibi yake, na huko amezoea juisi za boksi, zile ndogo zenye mrija. Kwa siku anamaliza mbili, mara nyingine tatu. Jioni nikimwekea ugali anageuza uso. Sasa meno yake ya mbele ya juu yameanza kuwa ya kahawia karibu na ufizi. Mama mkwe anasema hayo ni matunda, afadhali kuliko soda, tena boksi limeandikwa "hakuna sukari iliyoongezwa". Je, zina madhara? Na nikimsagia mwenyewe nyumbani?
Mama wa Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Meno kwanza. Mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii hii, hata kama bado hamjaelewana na mama mkwe. Ukahawia unaoanzia ufizini kwa mtoto wa umri huo mara nyingi ni dalili ya kuoza, na likiwahiwa, jino linaweza kutibiwa bila kung'olewa.

Maandishi yale ya kwenye boksi huenda ni ya kweli. Hakuna aliyeongeza sukari, ila sukari ya tunda imo. Juisi halisi ya chungwa au tufaha ina karibu gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, na soda ya kola haipishani nayo sana. Boksi la mililita 250 basi lina kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, na ni bora zaidi ikibaki chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima, hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25. Sukari ya kwenye juisi ya matunda inahesabiwa humo, hata juisi ikiwa halisi kabisa. Mwanao ana miaka mitatu.

Mpe chungwa zima uone. Atalitafuna, atatema kokwa, atachafua shati, na akimaliza moja ameridhika. Kwenye boksi lile mna maji ya machungwa kama matatu, na nyuzinyuzi karibu zote zimeachwa kiwandani. Anayavuta kwa mrija kwa dakika chache. Maboksi matatu yanampa karibu robo ya nguvu anayohitaji kutwa nzima, bila mafuta, na protini na madini ya chuma ni kidogo mno. Ndiyo maana ugali na maharage vinamshinda jioni. Tumbo limeshajazwa.

Tukirudi kwenye meno, kinachoyamaliza zaidi ni ule mtindo wa kunywa kidogokidogo. Mtoto anavuta mara mbili, anakimbia kucheza, anarudi, anavuta tena. Juisi yenyewe ina asidi, na vijidudu vya mdomoni vikila sukari vinatengeneza asidi nyingine. Mate yanahitaji muda kuiondoa, na kila anapovuta tena kazi inaanza upya. Katika kliniki za watoto nilikofanya kazi, watoto walioumia zaidi walikuwa wale wanaolala na chupa ya juisi mdomoni. Kama bibi anafanya hivyo wakati wa usingizi wa mchana, hilo liachwe leo.

Kisha ligeuze boksi usome nyuma. "Juisi asilimia 100" ni kitu kimoja. "Nekta", yaani juisi iliyochanganywa na maji, ni kingine: viwango vya kimataifa vinaruhusu nekta ya embe iwe na embe asilimia 25 tu. "Kinywaji chenye ladha ya embe" kinaweza kuwa na embe kidogo kuliko hapo. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kizito zaidi, kwa hiyo orodha ikianza na maji, ikafuata sukari, ujue embe limeshika nafasi ya tatu.

Ya kusaga nyumbani ni nafuu usipoichuja na usipotia sukari, lakini asipewe bila kipimo kwa kuwa tu ni ya nyumbani. Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2017: chini ya mwaka mmoja juisi hapana, na kuanzia mwaka mmoja hadi mitatu isizidi mililita 120 kwa siku. Hiyo haifiki hata nusu ya boksi. Bibi ampe kwenye kikombe, pamoja na chakula, na kiu ya kawaida ikatwe kwa maji.

Kwa mama mkwe usiende na lawama. Nenda na papai lililoiva, ndizi mbivu na kikombe cha mtoto, kisha mwonyeshe yale meno. Anampenda mjukuu wake. Siku za mwanzo mchanganye juisi na maji nusu kwa nusu, halafu maji yazidi. Atalia. Mvumilieni.

SWALI: Baba ana kisukari na anatumia insulini. Alipolazwa, kila mgeni alimletea juisi ya boksi. Anywe?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kama kinywaji cha kila siku, hapana, itampandishia sukari haraka. Ila mtunzie boksi moja karibu na kitanda. Sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 kwenye kipimo cha mmol/L, au akianza kutetemeka na kutokwa jasho jembamba, mpe kama mililita 150, subiri dakika 15, mpime tena. Akiwa amepoteza fahamu usimmiminie chochote mdomoni, mwite muuguzi. Na kama figo zake zina shida, uliza daktari kabla hata ya kumpa chungwa, kwa sababu ya potasiamu. Wageni waambie walete maji.